Hisa Nane za Mfereji wa Higuera

Dada yangu Eduvina hakuibiwa. Nilisema hivyo kwa miaka kumi na minane, kwa kila aliyeniuliza na kwa wengi ambao hata hawakuuliza. Aliambiwa achague, akachagua. Siku hizi nikiyakumbuka maneno hayo natamani kujizaba kofi.

Ilikuwa wiki moja baada ya kumzika baba. Tulikaa jikoni kwake, bondeni Limarí, tukila mkate na jibini la mbuzi. Baba alituachia hekta nne za mizabibu, nyumba ya udongo, na faili la makaratasi lililofungwa kwa kamba ya kiatu. Ndani ya faili mlikuwa na hati ya hisa nane za maji ya mfereji wa Higuera.

Hapo ndipo penye kisa. Kwetu Chile sheria iliyatenga maji na ardhi tangu tukiwa vijana. Shamba lina daftari lake kwa msajili, maji yana lake, na mwenye hisa anaweza kuziuza huku shamba likibaki palepale limekodoa macho. Lakini midomo ya watu haikuisikia sheria hiyo. Bondeni ukisema "shamba" umeshasema na maji yake, kama vile anayenunua kuku asivyouliza kama ana miguu. Mimi nilikuwa karani wa benki mjini Ovalle, sheria naijua. Dada yangu Vina alichojua ni mizabibu.

"Sasa tunagawanaje, dada?" nikamwuliza.

"Wewe shamba utalifanyia nini, na viganja laini hivyo? Ukishika koleo nusu saa unatoka malengelenge. Makaratasi chukua wewe, mimi niachie shamba."

"Makaratasi yote?"

"Yote. Wewe si ulizaliwa na karatasi mkononi?"

Nikacheka, naye akacheka. Nilijua alichodhani anasema, na nilijua alichokuwa amesema. Ningeweza kumwambia, Vina, maji yamo humu ndani. Ni maneno matano tu. Badala yake nilikwenda kwa mwanasheria, nikamwambia aandike kama dada alivyotaka, na katika hati ya shamba ile sentensi ya "pamoja na haki zake za maji" haikuwekwa. Vina alitia sahihi bila kusoma, kwa sababu aliyempa kalamu ni mimi.

Miaka ya kwanza mambo hayakubadilika. Niliyaacha maji yaende shambani kwake kama zamani, na moyoni nikajiona mtu mwema. Kisha likaja kampuni la kupanda maparachichi kwenye vilima vikavu, mahali ambapo hata mbuzi walikuwa wakipita haraka. Likaanza kutafuta hisa za maji bonde zima. Hisa iliyokuwa na bei ya ng'ombe ikafikia bei ya gari, na gari lenyewe jipya. Nikaacha benki. Nikanunua hisa za wajane na za waliohamia pwani, nikawa nazikodisha kwa msimu, na bei ikipanda naongeza nyingine.

"Bwana Maji," watu wakinitania sokoni, "mvua nayo utaanza kutuuzia lini?"

"Ikiwa na hati," nikiwajibu, "leteni."

Nilijiona mjanja. Ukame ulipokuja, mto ukabaki kama kamba, na bei ikapaa zaidi. Hapo kampuni likataka zile nane za baba. Nilijiambia nitaziuza, halafu kabla ya kiangazi nimnunulie Vina nyingine, za bei nafuu, kutoka mfereji wa chini. Hela ilipoingia, ahadi ikatoka.

Ikafika Jumanne, siku ya zamu yake ya maji, akanipigia simu.

"Nibaldo, mzee Tabilo yuko hapa na kufuli." Tabilo ndiye mlinzi wa mfereji, anayefungua na kufunga milango ya maji ya kila shamba. "Eti sina hisa. Hebu mwambie, uzee umemwingia, amekosea mlango."

Nikaihamishia simu sikio la pili.

"Nibaldo."

"Hajakosea, dada."

"Shamba si langu?"

"Shamba ni lako."

Nilisikia mbwa wake akibweka, na mzee Tabilo akimwomba radhi mtu. Kisha Vina akasema, "Kumbe," taratibu, akakata simu.

Hatukusemezana miaka sita. Mizabibu ilikauka yote, isipokuwa mistari miwili mbele ya nyumba, ile baba aliyoipanda mwaka aliozaliwa Vina. Hiyo aliinywesha kwa ndoo, kwa maji aliyooshea vyombo na nguo. Nilimwona siku moja nikipita barabarani. Alikuwa ameinama, mkono mmoja kiunoni. Nilipunguza mwendo, nikakosa ujasiri, nikaendelea. Aibu ile imenikaa hadi leo.

Mwaka jana nikashindwa kulala na dhambi yangu. Hisa zangu zote nilikuwa nimeshaziuza, nikaenda kwa kampuni lilelile kununua angalau moja, ya kuiokoa ile mistari miwili. Soko nililolisifu miaka yote likaninyoosha: kwa hisa moja nililipa zaidi ya nilichopokea kwa nane. Nikauza nyumba ya Ovalle. Nikaiandikisha hisa kwa jina la Eduvina Barraza, na mwezi wa kumi, Jumanne asubuhi, nikaenda na mzee Tabilo na ufunguo wake.

Vina alikuwa uani, anapanga kuni. Niliziangalia kuni zile mara mbili. Zilikuwa mashina ya mizabibu, manene, yamejipinda. Mbele ya nyumba palikuwa na mashimo, mistari miwili ya mashimo.

"Mgongo ulikataa ndoo," akasema. "Nimeing'oa mwezi wa nane. Karibu."

Nikampa hati. Akapangusa mikono kwenye aproni, akaisoma yote kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka kwenye muhuri.

"Shamba halikutajwa humu," akasema.

"Maji husimama peke yake, dada. Ndiyo sheria."

"Naijua. Si ulinifundisha wewe?"

Akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati langu, akaupigapiga mfuko kama mama alivyokuwa akitufanyia tukienda shule.

"Makaratasi chukua wewe," akasema. Ile nusu ya pili hakuisema. Akabeba kuni zake akaingia ndani.

Huko juu mzee Tabilo alikuwa ameshafungua. "Maji yanakuja," akaita. "Nani anayapokea?"

Nikachukua koleo lililoegemezwa ukutani. Miaka yote nilijua bei ya maji yale kwa lita, lakini sikujua shamba linainamia wapi. Nikachimba huku, nikaziba kule, malengelenge yakanitoka. Maji yakanipita miguuni yakaenda barabarani, na saa yetu ya zamu ikaisha.