Neno Halikataliwi Jukwaani

Kundi lao la vichekesho lilizaliwa kwa kosa la sindano. Fundi cherehani alikuwa akipiga soga huku anashona, mara akaona suruali ya mteja ina miguu mitatu. Mdogo wake, mwembamba hata watu wakamwita Kijiko, akaivaa na kutoka nje, akawauliza wapita njia kama wameuona mguu wake wa tatu. Fundi viatu wa jirani akamjibu bila kutabasamu, "Umepita sasa hivi, una haraka." Watu wakavunjika mbavu.

Tangu hapo hao watatu wakawa kundi, na sheria yao ikawa moja: neno likisemwa jukwaani halikataliwi. Ukiambiwa wewe ni birika, chemka.

Miaka ikaenda, ukumbi ukajaa. Jioni moja Dada, ndivyo walivyomwita fundi cherehani, alikuwa jukwaani akimpiga samaki pasi. Kijiko akaingia, sauti yake ni ile ya nyumbani.

"Dada, mimi naacha kundi. Kuanzia leo."

Watazamaji wakaangua kicheko. Dada akautazama mkono wake: kidole gumba hakionekani. Alimlea mwenyewe; alijua kwamba akificha kidole gumba ndani ya ngumi, hatanii.

Fundi viatu, aliyekuwa akiigiza saa ya ukutani, akanong'ona, "Tiki… mjibu basi!"

Dada akisema "usiende", ameivunja sheria. Akinyamaza, amempoteza ndugu.

"Haya, umeacha," akasema. "Na kundi nalo limeacha. Linakufuata wewe."

"Dada, sitanii."

"Nani anatania? Tangulia."

Kijiko akashuka, akapita katikati ya viti hadi barabarani. Dada nyuma yake, saa nyuma ya Dada, na watazamaji wote wakicheka nyuma ya saa. Alipopinda, wakapinda. Mwishowe akageuka, macho mekundu.

"Nimechoka kupigwa makofi! Kila mchezo ninayepigwa ni mimi!"

Kicheko kikakatika. Makofi yale yote aliyatunga Dada.

"Mbona hukusema, mdogo wangu?"

"Ningesemaje? Kundi hili halina neno la kukataa."

"Basi liwepo. Sema."

"Sitaki." Akalirudia, kama anayejaribu kiatu kipya. "Sitaki!"

"Haya. Hupigwi tena."

Ndipo fundi viatu akakohoa.

"Mimi nami sitaki kuwa saa. Shingo yangu imekwisha."

Wa kwanza kucheka alikuwa Kijiko.