Kupasua Kakao Siku ya Msiba

Yule binti wa utafiti aliitwa Doreen, alitoka Dodoma, na swali lake la maana lilikuwa moja tu. Fikirieni ngazi yenye vipandio kumi, alisema. Juu kabisa ni maisha mazuri kuliko yote unayoweza kuyapata, chini kabisa ni mabaya kuliko yote. Wewe umesimama kipandio cha ngapi? Nadhani alipaswa kutuuliza mmoja mmoja faraghani, lakini mvua ya Kyela haijui utafiti. Sote tulikuwa tumebanana barazani kwa mjumbe, na kila jibu lilisikika na kila mtu.

Hezroni alijibu "Kumi!" kabla binti hajamaliza kuuliza. Hezroni ni jirani yangu, kati yetu kuna ua wa miti tu. Amefanya kazi ya kupitisha mizigo ya watu mpakani Kasumulu miaka mingi, akarudi Bujonde na nyumba ya vigae, gari na kitambi. Ilipofika zamu yangu nikasema mbili. Sikuwa najililia. Nilijipima nikaona hapo ndipo nilipo.

Hezroni akaangua kicheko. "Mama Kisa, mbili? Ardhi yetu moja, mvua yetu moja, mpunga unao, kakao unayo, ndizi zinakuangukia mlangoni! Binti, andika kwamba huyu hana shukrani."

Watu wakacheka naye, wengine kwa sababu aliwahi kuwapa lifti. Mimi nilikaa pale masikio yamekuwa ya moto. Maana Hezroni alijua vizuri kwa nini nilisema mbili.

Mwaka uliotangulia nilimzika mume wangu, Jackson. Kwetu msiba hauna mwaliko. Mwanamke anakuja na mkungu wa ndizi kichwani, mwanamume anakuja na jembe la kuchimbia kaburi, na mnalala hapohapo na wafiwa. Hezroni hakuja. Alimtuma dereva wake na kreti moja ya soda. "Bosi ana shughuli," dereva alisema, akaishusha kreti mlangoni kama anayeleta mzigo dukani. Jioni ile, Jackson bado yuko ndani hajazikwa, Hezroni akafungulia muziki wa sendofu ya binti yake Nancy. Wapiga picha walishafika, ndiyo sababu aliyoitoa baadaye. Basi nikamlilia mume wangu huku spika za jirani zikitikisa mabati yangu.

Aliyekuja kutoka nyumba ile ni mama yake, Bibi Anyosisye. Alipita na fimbo yake katikati ya wageni waliovaa sare, akaja kukaa nami mkekani, akanishika mguu mpaka kulipokucha. "Lia tu, mwanangu," aliniambia. "Yule wa ng'ambo ya ua nilimzaa mimi, ila sijui alifundishwa na nani."

Bibi Anyosisye alifariki mwezi uliopita.

Nilisikia kilio asubuhi nikiwa nachota maji. Wanawake wa kitongoji chetu wana desturi ya kunitazama mimi kwanza. Nikijitwika mkungu, nao wanajitwika, tunaingia msibani kwa mstari mmoja. Prisca, jirani yangu wa upande wa pili, akaja na kanga yake kiunoni.

"Mama Kisa, tunakungoja. Mkungu uko wapi?"

"Mkungu uko mgombani," nikamjibu.

Uani kwangu kulikuwa na lundo la kakao niliyoichuma jana yake. Kwetu, maiti ikiwa haijazikwa, hakuna anayeshika kazi. Jembe linalala, na kakao hata ikioza inaachwa ioze. Nikavuta kigoda, nikachukua rungu, nikaanza kupasua. Ganda moja, jingine, jingine, kwa nguvu, ili mlio uvuke ua.

Prisca akashika mdomo. "Gwe! Umerukwa na akili?"

"Mume wangu alizikwa kwa muziki," nikasema. "Mama yake Hezroni na azikwe kwa kakao."

"Hata kwa baba yangu alituma soda," akasema, akaenda zake. Haukupita muda nikasikia rungu la pili upande wa kwa Prisca. Kisha la tatu, chini kuelekea mashamba ya mpunga. Kabla jua halijapanda, kitongoji kizima kilikuwa kinapasua kakao, na nawaambieni ukweli, sijawahi kusikia sauti tamu kama ile. Nikaita bodaboda, nikamtumia Hezroni kreti moja ya soda. Nilimwagiza dereva aseme, "Mama Kisa ana shughuli." Nilihakikisha soda ni za baridi.

Kupitia uwazi wa ua niliona kila kitu. Lori lilileta maturubai na viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe. Wapishi wa kukodi walifika kutoka Mbeya na masufuria yao. Vibarua wa Kasumulu wakachimba kaburi, wakalipwa, wakaondoka. Viti vikabaki vitupu, na Hezroni alikuwa akizunguka kati yavyo na simu sikioni.

Mchana akaja kwangu kwa miguu. Alipofika mbele ya kigoda changu akachuchumaa, vile wanawake wetu wanavyochuchumaa wakimwamkia mkubwa.

"Mugonile, Mama Kisa."

Nikapasua ganda.

"Watu hawaji, dada."

"Una wapishi. Nimewaona."

"Wapishi hawalii," akasema. "Na mama bado yuko kitandani vilevile. Hakuna wa kumwosha. Nimewaomba wale kina mama wa jikoni, wamesema wao walikodiwa kupika tu."

Rungu likasimama mkononi. Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilimfikiria yeye na viti vyake, nikasahau kwamba katikati ya viti yuko Bibi, hajaoshwa, na mikono iliyonishika mguu imelala tu hapo. Uchungu ulinipanda nikaumeza. Sikutaka Hezroni auone, wala sikutaka aondoke bure.

"Uko kipandio cha ngapi, Hezroni?"

Akainua uso. Nyuma ya ua marungu yalikuwa yameanza kunyamaza, moja baada ya jingine. Watu walikuwa wanasikiliza.

"Mama Kisa, nakuomba."

"Nimeuliza. Siku ile uliwahi kujibu kuliko wote."

Akatazama chini, kwenye maganda. "Mbili," akasema.

"Mbili nakaa mimi. Shuka."

Nikadhani atainuka na kuondoka. "Moja," akanong'ona.

"Prisca hajasikia."

"Moja!" akapiga kelele, na hapo ndipo akalia, kwa sauti, mwanamume mzima na kitambi chake.

Nikaweka rungu chini, nikanawa mikono, nikaenda mgombani kukata mkungu. "Nakuja kwa mama," nilimwambia. "Wewe sikujui."

Wanawake wenzangu wakanifuata, tukamwosha Bibi Anyosisye taratibu, tukampaka mafuta, tukamvisha gauni lake la kanisani. Tulimlilia kilio kilichofika Mwaya. Wanaume wa kitongoji walikuja na majembe, wakalipanua lile kaburi la vibarua lililokuwa limechimbwa kwa haraka. Bibi alizikwa kama anavyostahili mtu aliyekaa mkekani kwa kila mtu.

Lakini Hezroni hakuna aliyempa pole. Alisimama mlangoni akimshukuru kila anayeingia, "Ndaga fijo, ndaga fijo," na kila mmoja akampita kama anavyopita nguzo. Nilipogawa chakula nilimruka. Kaburi lilipofukiwa, badala ya kulala pale kama ilivyo desturi, tulikunja mikeka yetu tukarudi makwetu. Yeye akabaki kati ya viti vyeupe, kimoja amekikalia na vingine vyote viko wazi.

Mchungaji amenisema kanisani bila kunitaja jina. Prisca naye ameniuliza kama sasa roho imetulia. Haijatulia. Jackson hajarudi, paa linavuja palepale, na Bibi, angeweza, angenivuta sikio. Doreen akija tena nitamwambia bado ni mbili. Ila siku hizi nikitazama chini yangu, namwona mtu.