Ugali wa Mkutano

Mahindi yangu ya mbegu yalining'inia juu ya moto, yamekolea moshi, na sikutaka mtu ayaguse. Ilikuwa Oktoba ya mwaka hamsini na nane. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, mvua zilikuwa zimetutupa, na hapa mlimani juu ya Mbeya ghala zilibaki za panya. Hata panya walianza kuhama.

Mume wangu Yotamu, mwenyekiti wa tawi la chama cha kudai uhuru, alikuwa hatulii. Akikaa, anainuka. Bwana shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, alikuwa amesema bomani kwamba chama ni kelele za wenye njaa, wakishiba watanyamaza. Maneno hayo yalimchoma. Sasa wakubwa wa chama walikuwa wanakuja kwa lori kutoka Iringa, na karani wa boma naye angekuwepo, aandike kila atakachoona.

“Mama Sekela, teremsha yale mahindi,” alisema. “Waje wakute tunakula.”

“Na mvua ikinyesha tupande nini, Baba Sekela? Hotuba?”

Alipanda kigoda akayateremsha mwenyewe. Nilimchukia siku ile, nikayasaga kwa hasira hiyohiyo.

Jumamosi tukapika. Jirani yangu Rozalia alionja ugali, akasikia moshi, akajua ni mbegu. Alinitazama tu. Wageni walikula wakasifu. Karani wa boma, aliyekaa pembeni na daftari lake, alikula pia, tena akaongeza.

Kisha mkuu wa msafara, Bwana Kalinga, akasimama juu ya lori.

“Ndugu zangu, nimefurahi. Humu tumebeba magunia ya mahindi kwa ajili ya tawi lililozidiwa. Nilidhani ni ninyi. Kumbe mna nguvu hivi! Basi tunayapeleka Makongolosi.”

Yotamu ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Nikasimama. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: yashusheni, mmekula mbegu zetu. Lakini karani alifungua ukurasa mpya, akashika kalamu, akanisubiri. Nikajua bwana shauri angesoma nini Jumatatu.

Nikapiga vigelegele. Rozalia akaitikia, wakafuata wengine. Lori likawashwa, likateremka na magunia yake, nasi tuliendelea hata lilipokwisha kupita darajani, kwa sababu karani alikuwa bado anaandika na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunyamaza.