Mtungi wa Prezida Norbert

Prezida Norbert wa Kamati ya Maji, mtu ambaye mji mzima wa Baraka ulimjua kwa hotuba ndefu na suti ya kahawia, alikuwa amelala juu ya kitanda chenye tundu katikati. Chini ya tundu palikuwa na ndoo. Kazi ya ndoo hiyo haitaelezwa hapa, kwa heshima ya msomaji na ya ndoo yenyewe. Inatosha kusema kwamba tangu jana asubuhi Prezida na ndoo walikuwa wameonana mara nyingi, na hakuna aliyemkosea mwenzake adabu.

Kipindupindu hakiulizi cheo. Kilikuwa kimemkamua mpaka macho yakazama na sauti ikakauka. Ile sauti iliyosikika kutoka sokoni hadi mwaloni sasa ilikuwa mnong'ono wa mjusi. Muuguzi Divine, mwanamke mfupi asiyejua mchezo, alimbadilishia chupa ya serumu, maji ya mshipani, na kumtazama usoni.

"Utapona, Prezida. Ila uniambie ukweli. Ulikunywa mayi ya wapi?"

"Ya klori," akanong'ona Norbert. "Kama kila muntu."

Huo ulikuwa uongo, tena mnene. Kila asubuhi Norbert alisimama ufukweni, pale ambapo wahudumu hutia dawa katika kila bidoni, yaani dumu la maji, kwa bomba la sindano, akawahubiria akina mama: "Bila klori, hapana kunywa!" Kisha alirudi nyumbani, akafunga mlango wa chumba, akainama chini ya kitanda na kuchota kikombe katika mtungi wake wa siri, wenye maji yasiyoonja dawa hata tone. Klori, kwa maoni yake, iliua chai. Hofu hakuwa nayo. Kama wana wengi wa ufukweni, aliamini kwamba uchafu wa Ziwa Tanganyika hukaa pembeni, na katikati maji bado ni yale yale Mungu aliyoyaacha. Basi kila Jumamosi mvuvi Yunusu alimletea bidoni moja kutoka katikati ya ziwa, akaipitishia mlango wa nyuma.

Saa nne watu wakafika. Hawakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo wakajipanga nje ya uzio wa turubai wa kituo cha wagonjwa, karibu arobaini. Na kwa kuwa Baraka hakuna mtu anayekwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu, kila mmoja alibeba kitu. Mama Mwanahamisi, jirani muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alikumbatia kuku mwekundu. Wanakwaya walileta sabuni. Vijana wa msikitini walileta kuni. Fundi cherehani Shukuru alileta suruali ya Prezida ambayo alikuwa ameipunguza kiuno bila kuagizwa, kwa kuwa, alisema, ugonjwa huu anaujua.

"Prezida wetu!" akaita Mama Mwanahamisi juu ya uzio. "Tunajua! Ugonjwa imekupata juu yetu! Kila siku ulikuwa kule kwa mayi, unatupigania sisi na batoto betu!"

"Pole, shujaa!" umati ukaitikia.

Norbert alijua kwamba hapa mtu mwema angesema neno. Lakini sifa ni tamu, na yeye alikuwa na siku mbili hajala kitu kitamu. Akainua vidole viwili polepole, kama askofu.

Hapo mkewe Solange akapenya hadi mbele, akamwita kwa jina la mtoto wao.

"Baba Vainqueur, usijisumbue na bageni! Jua ni kali, nabapeleka kwetu bapumzike. Tena nimeona mutungi yako chini ya kitanda. Mayi iko baridi, muzuri! Bote batakunywa!"

Vidole vya uaskofu vikaanguka: nje ya mtungi ule hakuwa amekunywa kitu kingine.

Norbert akawatazama. Watu arobaini. Vitanda vyenye tundu, kwa hesabu ya haraka, vilikuwa kumi na viwili. Akinyamaza, atabaki shujaa mpaka kesho jioni, wakati wanakwaya watakapoanza kuletwa kwenye machela, soprano kwanza. Akisema, hatasimama tena ufukweni na suti yake. Akafumbua mdomo kumwita Solange. Ukatoka upepo mtupu. Divine alikuwa ng'ambo, kwa mgonjwa mwingine, na Solange alikuwa amekwisha kugeuka.

Kitanda cha jirani kilikuwa cha Lionel, aliyepona na kungoja tu kuruhusiwa. Kanisani kwao Lionel alikuwa mkalimani: mhubiri mgeni akihubiri Kifaransa, yeye husimama kando yake na kukirusha kwa Kiswahili, pamoja na ishara za mikono. Norbert akamshika shati.

"Nisaidie. Sema kile ninasema."

Lionel hakuhitaji kubembelezwa. Akajifunga shuka kama joho, akasimama mahali ambapo uzio mzima ungemwona.

"Ndugu zangu," akanong'ona Norbert.

"NDUGU ZANGU WAPENDWA!" akanguruma Lionel. Watu wakasimama, wakageuka.

"Mi ni muongo."

"MI NI MUONGO! MUONGO MUKUBWA! MUONGO WA KUTOKA LULIMBA MPAKA FIZI!"

"Amina!" kwaya ikajibu.

"Muji ya Lulimba sikuitaja," akalalamika Norbert.

"Prezida, tafsiri bila chumvi hailiwi. Endelea."

"Mayi ya klori sijakunywa hata siku moja."

"HATA SIKU MOJA! Semeni, hata siku moja!"

"Hata siku moja!" wakasema wote kwa furaha, na mama mmoja akaanzisha wimbo wa toba. Makofi yakaingia.

Norbert alikaribia kulia, ila mwilini hakubaki maji ya kazi hiyo. "Lionel," akasema, "baache kuimba. Mutungi iko na mayi ya ziwa. Ndiyo imenilaza hapa. Bakikunywa, batakuya bote hapa."

Lionel akainua mikono, akafumbua kinywa, na hapo hapo, kwa mara ya kwanza, akasikia anachotafsiri. Mikono ikashuka. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ndugu, hii haiko mahubiri. Prezida alikuwa anakunywa mayi ya ziwa kwa siri. Mutungi iko na kolera, hii kipindupindu. Musikunywe."

Wimbo ukakatika. Kuku peke yake ndiye aliyesema neno.

"Lakini ilikuwa ya katikati," akaongeza Norbert kujitetea, na Lionel akafikisha.

Nyuma kabisa mkono mmoja ukapanda. Ulikuwa wa Yunusu.

"Prezida, unisamehe. Mafuta ya moteri ya mutumbwi iliisha. Tangu Pasaka nachota mayi hapa hapa, nyuma ya soko."

"Na hata ya katikati," akafoka Divine, aliyekuja mbio, "nani alikuambia kolera haijui kuogelea?"

Akampa Solange chupa ya klori na amri: imwagwe mtungini, ingoje nusu saa, kisha yote yaende chooni. Solange akarukia pikipiki, na umati ukamfuata mbio. Alifika wakati shemeji yake Alphonse, aliyeteremka kutoka Fizi na kiu ya milima yote, alikuwa amegusisha kikombe mdomoni. Solange alikipiga kofi kikombe. Kwa kuwa alikuwa na kasi, akampiga na Alphonse.

Baada ya saa moja walirudi uzioni, wote, wakiwa wazima na wenye vumbi. Norbert akanong'ona, Lionel akatangaza:

"Anasema mubebe bitu byenu, murudi nabyo."

Mama Mwanahamisi akamsogeza kuku begani.

"Muulize. Bado iko mugonjwa?"

"Iko," akasema Lionel bila kuuliza.

"Basi kuku ni yake. Mi sikuletea shujaa. Nililetea mugonjwa. Na bale balala pale habana muntu, bakule naye." Akanyoosha kidole. "Lakini leo tutamuona akikunywa. Mbele yetu."

Divine akakoroga kikombe cha maji ya dawa yenye chumvi na sukari, yenye harufu ya klori iliyofika mpaka kwa kwaya. Akamwinua Norbert mabega. Watu arobaini wakashika uzio.

"Moja!" wakahesabu funda la kwanza. "Mbili! Tatu!"

Kwa funda la saba uso wa Prezida ulikuwa umejikunja kama ndagala aliyeanikwa. Kikombe kikaisha.

"Iko tamu?" akauliza Mwanahamisi.

Norbert akamnong'oneza Lionel kwa muda mrefu. Lionel akafikiri, akaacha chumvi zote.

"Anasema iko mubaya sana," akatangaza. "Na anaomba ingine."