Mitego Niliyoipiga Vanishi

Mkaguzi wa mbao alichomeka kisu kwenye ubao wangu, ukamwaga unga laini kama wa ngano. Dumuzi, wadudu watoboao mbao.

"Nitachoma mbao zote," akasema. "Maghala yote matatu. Labda mnionyeshe lipi ni safi. Nawapa mpaka kesho saa kumi na moja jioni."

Bila mbao hizo, karakana yangu ya milango imekufa. Lakini binti yangu, anayesomea wadudu chuoni, macho yalimng'aa.

"Mama, hatuwezi kupasua kila ubao. Tuwaulize wenyewe!"

"Wadudu wanasema?"

"Kwa harufu. Jike hutoka tunduni, akatulia, akaachia harufu yake. Sisi hatuisikii. Dume huisikia kutoka mbali na kuifuata."

"Kama baba yako na mafuta yangu ya nywele."

"Mama, jamani!"

Alileta kutoka maabara chupa ya vipande vya mpira vilivyoloweshwa harufu ya jike. Akakata maboksi, akapaka gundi ndani, akabandika kipande kimoja katika kila boksi. Mtego mmoja kila ghala, milango ikafungwa.

Mitego yenyewe ilikuwa aibu. Kingo zimechanikachanika, pembe zimepinda. Kwangu hata kigoda hakitoki bila kupigwa msasa. Asubuhi, binti akiwa bafuni, nikachukua brashi.

Saa nane mchana joto lilipopanda, wakati madume huruka, tulichungulia. Mtupu. Mtupu. Hata wa ghala la tatu, ambako ubao ulimwaga unga, mtupu! Binti akaketi sakafuni. Kisha akanusa.

"Mama. Hiki ni nini?"

"Ilikuwa mibaya."

"Umeipiga vanishi?"

"Mpako mmoja tu."

"Jike ananong'ona, wewe umempigia dume tarumbeta sikioni!"

Nikatupa mitego nje, nikafungua madirisha yote hewa ipite, nikakimbilia maboksi. Nilikata bila rula, nikiumia moyoni. Yeye akapaka gundi, akatoa vipande vitatu vya mwisho chupani. Tukafunga tena.

Saa kumi tukaingia ghala la kwanza na tochi. Hakuna. La pili, hakuna. Ghala la tatu, binti akanishika mkono. "Tazama!"

Walikuwa saba kwenye gundi, wadogo kama punje za mchele, kahawia. Wa nane alitua ukingoni, papasi za kichwani zikitetemeka, akazunguka mara mbili.

"Ingia, baba, ingia," nikamwambia. Mimi, ambaye juzi ningemkanyaga kwa kiatu.

Akaingia. Tukarukaruka kama vichaa.

Mkaguzi alitukuta tumejaa gundi hadi viwiko. Hakucheka. Akapita ghala la kwanza na la pili ubao kwa ubao na tochi yake, akafuta rafu kwa kidole, akakitazama. Hakuna unga.

"La tatu linachomwa," akasema huku akiandika. "Mawili haya yabaki. Mitego ikae mwezi mzima, nami nitarudi kuangalia."

Nikamshukuru mpaka nikasahau kupumua. Yeye hakuondoka. Alirudi ghala la tatu, akainama juu ya boksi letu lililopinda.

"Mama," mkaguzi akaniita kwa sauti ndogo, "hebu njoo. Wa kumi na mbili huyu."