Kutu kwenye Tenki la Masalu

Elias, fundi wa Kisesa aliyetaka kuinunua pikipiki ya Masalu, alimulika ndani ya tenki kwa tochi ya simu, akaguna.

"Kaka, humu kutu tupu. Lisafishe kwanza, ndipo tuongee."

Masalu hakubisha. Angeambiwa aibebe mgongoni hadi Magu angeibeba, mradi asirudi nayo nyumbani. Tangu wamzike Rebeka, binti yake mdogo, hakutaka hata kuisikia ikinguruma. Alilichomoa tenki, akamimina petroli iliyobaki kwenye dumu. Nyuma ya gereji akatia ndani siki, sabuni ya unga na mnyororo mkuukuu wa baiskeli, akaziba mdomo kwa kipande cha mpira, akaanza kulitikisa.

Kazi hiyo haina ufundi mkubwa. Unatikisa mpaka mikono ife ganzi, unamwaga, unatia tena. Ubaya wake ni kwamba mikono ikishughulika kichwa hubaki huru, na kichwa cha Masalu siku zile hakikuwa mahali pazuri pa kukaa.

Huko Ilemela nyumba yake ilikuwa chini, karibu na ziwa. Zahanati ilikuwa juu ya mlima, na njia ya kwenda huko ilipenya kati ya mawe makubwa. Katikati, pale mlima unapokuwa mkali hasa, aliishi Kashindye, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu anatambaa. Pikipiki ilikuwa na tabia moja: kwenye tambarare ilikwenda vizuri tu, lakini ikifika mlangoni kwa shangazi, inazima. Akisubiri kidogo, inawaka. Na kila ilipozima, yule bibi alitoka na kikombe cha maji.

"Kunywa kwanza, baba. Hata chuma kinachoka."

Mwanzoni watu walicheka. Abiria walimtania kwamba pikipiki yake ina adabu, haipiti bila kumwamkia shangazi. Baadaye utani ukaingia sumu, maana sisi watu hatujui kuacha jambo dogo likabaki dogo. Mbona mlango ule tu? Na yale maji ni ya nini? Macho ya bibi, mekundu kwa moshi wa kuni wa maisha mazima, yakaanza kuitwa macho ya mchawi. Waliosema hivyo ni walewale waliokula ugali wake njaa ilipowabana, wala hawakuona haya.

Halafu alfajiri moja ya mvua Masalu alimpakia mkewe Gladness, naye amemkumbatia Rebeka aliyekuwa akitetemeka kwa homa. Pikipiki ikazima palepale. Alipiga kiki, akapiga, akapiga. Angeweza kumchukua mtoto na kukimbia naye kwa miguu, lakini alijua itawaka, siku zote huwaka. Shangazi akatoka na kikombe chake. Walipofika zahanati Rebeka alikuwa ameshakata roho mikononi mwa mama yake.

Uchungu ukikosa pa kushika hushika kilicho karibu. Obedi, kaka mkubwa wa Masalu, aliitisha kikao cha ukoo mlangoni kwa Kashindye mwenyewe, ili bibi aulizwe ana kwa ana. Kikao chenyewe kilikuwa leo. Masalu hakutaka kuwepo, akaja zake Kisesa kuuza pikipiki. Alimwachia kaka yake neno moja tu: "Fanyeni mnavyoona." Ukoo ukiambiwa hivyo, na vijana wameshakunywa, hakuna asiyejua wataona nini. Masalu naye alijua.

Akalimwaga tenki kwenye beseni. Yakatoka maji mekundu, na ndani yake magamba ya kutu, mapana kama kucha za kidole gumba. Akasuza tena, yakatoka mengine. Akaokota moja, akaliweka kwenye tundu la koki, pale chini nyuma petroli inaposhukia kwenda kwenye injini. Likaziba sawasawa.

Akaliinua tenki upande wa mbele, kama pikipiki inayopanda mlima. Magamba yaliyobaki yakateleza yote nyuma, yakajaa kwenye tundu. Akalilaza, yakatawanyika.

"Elias," aliita, "hapa pakiziba, inakuwaje?"

"Inazima. Ukitulia kidogo uchafu unaachia, inawaka. Kwani hukujua?"

Hakujua. Alichokumbuka ni masika yaliyopita, alipopoteza kifuniko cha tenki akaziba kwa tambara na mfuko wa nailoni, akaiacha pikipiki inyeshewe. Akaona aibu, kisha aibu ikageuka hofu. Akampigia Obedi. Simu ikaita mpaka ikakata. Alipopiga tena, haikupatikana.

Akalisuza tenki kwa petroli, akalirudisha mahali pake, akaondoka bila kumuaga Elias. Njia nzima alikuwa akipanga maneno: nitawaeleza habari ya magamba, nitapiga magoti kwa shangazi, nitamwambia Gladness kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Alipofika chini ya mlima akaingiza gia ndogo. Pikipiki ikapanda. Haikukohoa, haikusita hata mara moja, na kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi ikaufikia ule mlango ikiwa inanguruma.

Mlango haukuwepo. Ulikuwa umeng'olewa, masufuria yametupwa njiani, na kando ya jiwe mtu alikuwa amelala, amefunikwa kanga usoni. Miguu ilibaki nje ya kanga, na Masalu aliijua: ni ya shangazi.

Watu walikuwa wamesimama kama wanaoanza kuogopa walichokifanya. Lakini walipoiona pikipiki imepanda mpaka pale, nyuso zao zikafunguka. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele.

"Mmeona?" Obedi alipaza sauti. "Ameondoka tu, na chombo kimepanda! Nani bado anabisha?"

"Ni kutu, kaka," Masalu alisema. "Tenki lilikuwa na kutu. Nimelisafisha mwenyewe leo."

"Na hiyo kutu aliitia nani?"

"Mimi," alisema Masalu. Akarudia kwa sauti kubwa, wote wasikie: "Ni mimi!"

Wakamshika mabega kwa huruma, wakasema ni uchungu wa mtoto huo, apelekwe nyumbani akapumzike.