Baba Hayumo Kwenye Orodha

Mimi ni mtunza stoo wa hospitali, na kazi hiyo imenifundisha kutomwamini mtu. Kwa miaka kumi na tisa nimehesabu mashuka yanayotoka yakiwa arobaini na kurudi thelathini na nane, huku kila aliyeyashika akiapa kwa jina la mama yake. Kwa hiyo jirani wa baba aliponipigia simu kuniambia kwamba kila Alhamisi asubuhi mke wa baba anamvalisha mzee shati safi na kumpeleka kwenye kivuko cha kisiwani, sikumuuliza kama ana hakika. Nilimuuliza wanarudi saa ngapi.

"Mchana," akasema. "Na mzee anarudi na wino vidoleni, mwanangu. Mimi sisemi kitu. Nasema nilichokiona tu."

Baba ana nyumba moja, ile aliyoijenga na marehemu mama chumba kimoja kimoja, na mke wake ana kaka huko kisiwani ambaye ni karani wa ofisi ya ardhi. Baba mwenyewe kumbukumbu zimekuwa zikimtoka kidogo kidogo mwaka wa pili sasa. Siku nyingine ananiita kwa jina la shangazi, siku nyingine ananiuliza mama amekwenda wapi. Mtu wa namna hiyo ukimpa karatasi na kalamu atatia sahihi, na akimaliza atakushukuru.

Mke wa baba namwita Mama mdogo, kwa heshima ya baba tu, maana kwa umri nimemzidi miaka miwili. Yeye ananiita Dada. Alikuwa mkata tiketi wa kivuko hichohicho, baba akiwa baharia wa kamba, wa kufunga chombo gatini, na miaka kumi na moja iliyopita wakaoana bila kuniuliza. Sikuwahi kugombana naye. Nilimpa salamu ndefu na tabasamu la kazini, na Jumapili nilizokwenda kumwona baba nilikuwa nikihesabu vijiko.

Jumapili ile nilimkuta baba sebuleni akikunja leso na kuikunjua. Nilimshika mikono nikaigeuza. Viganja vilikuwa vimechubuka kama vya mtu aliyeshinda na jembe.

"Hii ni nini?" nikamuuliza Mama mdogo.

Alikuwa anapiga pasi. Hakuinua macho. "Anapenda kushikashika vitu, Dada."

"Vitu gani hivyo vinavyochuna ngozi?"

"Nitampaka mafuta."

Jibu hilo niliondoka nalo nikalitafuna siku nne. Mtu asiye na la kuficha hujibu swali aliloulizwa, na huyu alikuwa ananizungusha kama watu wa zamu ya usiku wakiulizwa blanketi limekwenda wapi. Alhamisi nikaomba ruhusa kazini, nikajitanda mtandio mpaka kwenye nyusi kama mtu anayeumwa jino, na saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa gatini.

Kabla ya kupanda, kila abiria huandikwa kwenye orodha: jina, umri, namba ya simu ya ndugu. Orodha ilikaa juu ya meza ndogo, mbele ya karani mwenye mafua aliyefunga mkono wa miwani yake kwa uzi. Mama mdogo na baba walikuwa wamenitangulia kama watu ishirini. Zamu yangu ilipofika nilifunua ukurasa uliopita. Jina la Mama mdogo lilikuwepo, kwa mwandiko wake wa kulala. Chini yake mwanamke na mtoto wake, kisha mwalimu, kisha fundi bomba. Nikarudia kutoka juu. Baba hayumo.

"Usifunue kurasa, mama," karani akaniambia.

"Nilikuwa natafuta pa kuandika."

"Pa kuandika ni pale palipo wazi."

Niliandika jina langu. Mtu wa stoo anajua maana ya kitu kisichoandikwa. Kitu kisichoandikwa hakiibiwi, kwa sababu hakikuwepo. Baba akipotelea huko kisiwani hakuna ambaye angeweza kuonyesha kwamba aliwahi kuvuka, na Mama mdogo, aliyekaa kwenye dirisha la tiketi nusu ya maisha yake, alilijua hilo kuliko mimi. Nilimchukia siku ile kwa moyo wote, na sijali kusema hivyo.

Ndani ya kivuko nilikaa mabenchi sita nyuma yao. Injini ilitetemesha sakafu mpaka meno, na harufu ya dizeli ikanipanda kichwani. Baba alikaa wima, mikono magotini. Mama mdogo alipakata begi kubwa la zipu na kulikumbatia kwa mikono miwili, na mimi nilijiambia humo ndimo zilimo hati za nyumba. Kila mara alitazama saa. Tulipofika katikati ya maji alimnong'oneza baba kitu, akamshika kiwiko, wakainuka. Walikwenda moja kwa moja hadi kwenye mlango ulioandikwa "Wafanyakazi tu". Mlango ukafunguliwa kutoka ndani, wakaingia, ukafungwa.

Hapo uvumilivu ulinitoka. Niligonga mlango ule kwa ngumi mpaka abiria wakaacha mazungumzo yao. Aliyefungua alikuwa msaidizi wa nahodha, mtu mnene mwenye kikombe cha chai mkononi.

"Kuna mwanamke kaingia humu na mzee mgonjwa," nikamwambia, na sikupunguza sauti. "Amempandisha bila kumwandikisha. Anampeleka kisiwani akatie sahihi ya kumwachia nyumba. Mimi ni binti wa huyo mzee, na asishuke mtu hapa mpaka nimwone baba yangu."

Akapuliza chai yake. "Binti yake wa stoo?"

"Nani kakwambia habari za stoo?"

"Mwenyewe. Siku akili ikiwa imetulia." Akaweka kikombe chini, akatoa daftari lenye jalada gumu chini ya kiti. "Mfanyakazi wa chombo haandikwi kwenye orodha ya abiria, mama. Hata aliyestaafu, akiruhusiwa kushika kamba anaandikwa huku. Ndivyo tunavyofanya tangu zamani. Soma mwenyewe."

Nilisoma. Alhamisi ile, jina la baba, mwandiko wa baba, ile herufi ya mwisho aliyoivuta mkia hata kwenye ripoti zangu za shule. Penye kazi palikuwa pameandikwa: kamba ya mbele. Pembeni kulikuwa na doa la kidole.

"Kalamu yetu inavuja," akasema.

Nilirudisha kurasa nyuma. Alhamisi tisa, zote kwa mkono wake.

"Na kisiwani anakwenda wapi?" nikauliza, ingawa sauti ilikuwa imeshuka.

"Hashuki. Anafunga kamba, anafungua kamba, anarudi. Yule mama ndiye aliyekuja kutuomba. Tulimkatalia. Akaja kukaa hapo gatini siku tatu mfululizo, mpaka nahodha akaona aibu."

Nilisikia aibu ya kwangu ikinipanda kutoka miguuni. Nilipita katikati ya chumba kile chembamba nikatokea mbele ya chombo. Baba alikuwa amevaa ovaroli ya bluu iliyochakaa, na begi la Mama mdogo lilikuwa limelegea, tupu, begani kwake. Mama mdogo aliponiona hakushtuka. Alisogea kidogo kunipa nafasi.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Mgonjwa hashiki kamba."

"Na ungekuwa na haki, Dada. Lakini nyumbani hajui hata choo kilipo. Hapa hajawahi kuniuliza yuko wapi."

"Na wewe je, anakujua?"

"Huku anachanganya miaka. Mimi ni dada wa tiketi. Ananihimiza nisichelewe kufunga dirisha." Alicheka kidogo, na kicheko hakikufika mbali. "Kwamba mimi ni mke wake, akishavaa ile ovaroli hajui kabisa."

Mwanamke huyu alikuwa anampigia mumewe shati pasi kila Alhamisi ili ampeleke mahali atakapomsahau, na mimi nilikuwa nahesabu vijiko vyake.

Injini ikapunguza sauti, gati la kisiwani likasogea. Baba alirusha kamba, mtu wa gatini akaidaka, na baba akaanza kuivuta na kuizungusha kwenye chuma, kwa umbo la nane, moja juu ya jingine, bila kuangalia. Baharia wa zamu alisimama nyuma yake mikono ikiwa tayari, ila hakuhitajika. Kazi ilipokwisha baba alijifuta jasho akaniona.

"Mama, usisimame karibu na kamba," akaniambia kwa upole. "Ikikatika haina adabu. Una mtu wa kukupokea?"

"Sishuki," nikasema. "Narudi na kivuko."

"Vizuri. Na mimi leo nataka niwahi. Nina binti, yuko darasa la tatu. Mama yake akimwambia meli imefika salama hakubali, anaona anadanganywa. Anakaa dirishani macho kodo mpaka anione mwenyewe."

"Baba, ni mimi" lilikuwa tayari mdomoni. Nilimtazama Mama mdogo. Hakutikisa kichwa wala hakunikonyeza. Aliniachia mwenyewe.

"Basi usichelewe," nikamwambia baba. "Anakusubiri."

"Najua," akasema, akainama kufungua kamba.